Kitabu kimoja, hesabu mbili za kurasa

Kitabu kirefu kina hesabu mbili za kurasa. Ya kwanza ni ya msomaji: i, ii, iii kwenye dibaji na shukrani, kisha 1, 2, 3 kuanzia sura ya kwanza. Ya pili ni ya mashine ya kuchapa, nayo haijali kilichoandikwa chini ya ukurasa. Yenyewe inahesabu nyuso za karatasi, tangu ule wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu hapa Kariakoo, na matatizo mengi ya namba yanayofika mezani kwangu, iwe tasnifu kutoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au ripoti ya mwaka ya chama cha ushirika, yanatokana na kuzichanganya hesabu hizo.

Chukua kitabu chenye kurasa za mwanzo i hadi xii na matini ya 1 hadi 164. Kwa msomaji kinaishia 164. Kwa mashine kina nyuso 176, na sura ya kwanza inaanza uso wa 13. Kumi na tatu ni witiri, kwa hiyo ukurasa wa 1 unakaa kulia, mahali pake. Sasa mwenye kitabu anaona ukurasa wa xii hauna kitu, anaufuta ili kuokoa karatasi. Sura ya kwanza inachapwa mgongoni mwa xi. Kuanzia hapo namba zote za witiri zinahamia kushoto, na zile zilizopangwa pembe ya nje zinaingia kwenye mshono. Mama mmoja aliniletea kitabu kilichochapwa hivyo, akasema, “Fundi, namba zipo, ila mpaka ukivunje kitabu ndiyo uzione.” Na kweli, ilibidi nikikandamize kwa viganja viwili ndipo nusu ya namba ichomoze kwenye gundi.

Kinachowaponza watu ni kwamba kwenye kioo cha kompyuta hitilafu hii haionekani. InDesign, programu ya kupangia kurasa, kwa kurasa zinazotazamana huweka namba ya witiri kulia siku zote, hata kama ukurasa uliotangulia nao ni witiri. Unaona xi kulia, unaona 1 kulia, unaridhika. Ukitoa PDF unapata kurasa 175, na mashine inazifuatanisha mbele na nyuma bila kuuliza. Word hufanya kinyume chake. Ukiiagiza sehemu mpya ianze kwenye ukurasa wa witiri, inaongeza yenyewe ukurasa mtupu ambao huuoni wakati wa kuandika. Unatokea kwenye karatasi au kwenye PDF. Kwa hiyo msithibitishe namba kwenye faili la kuandikia. Fungua PDF, hesabu nyuso, angalia sura ya kwanza imeangukia uso wa witiri au wa shufwa.

Kuandika namba kwa mkono ukurasa mmoja mmoja sitaki hata kuijadili. Weka alama ya namba kwenye ukurasa mama, yaani kiolezo ambacho kurasa nyingine zote hukifuata, iachie programu ihesabu.

Mkanganyiko huohuo unarudi wakati wa kuchapa. Mtu anataka sura ya kwanza tu, anaandika 1 hadi 20, huenda akapata vitu asivyovitaka. Kwenye InDesign, ukiweka alama ya kujumlisha mbele ya namba unataja nafasi halisi ndani ya faili: +13-+32 ni uso wa 13 hadi wa 32, hata kama chini yake pameandikwa 1 hadi 20. Kwenye Word unataja namba pamoja na sehemu yake: p1s3-p20s3 maana yake ukurasa wa 1 hadi wa 20 wa sehemu ya tatu. Sehemu hapo ni ile uliyoikata kwenye faili, wala si sura. Na faili likiwa zito mpaka printa inakwama, likate vipande, ila kila kipande kianze uso wa witiri na kiishie shufwa, la sivyo mbele na nyuma vitapishana.

Orodha ya yaliyomo hukamilishwa mwisho. Kwenye Word, Ctrl+A kisha F9, uchague kuhuisha jedwali lote. Hapa ndipo utamaduni wa namba za Kirumi unapoonyesha thamani yake: yaliyomo yakirefuka kwa ukurasa mmoja, matini bado inaanza na 1. Ukiwa umetumia mfuatano mmoja tangu jalada la ndani, urefu huo unasukuma kila sura, na yaliyomo uliyotoka kuyahuisha yanakuwa ya uongo papo hapo. Huisha tena.

Tuje kiwandani. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, ndiyo maana nimetumia 176: ni mikunjo 11 kamili, yaani karatasi kubwa 11 zilizokunjwa hivyo. Yule aliyefuta ukurasa wa xii hakuokoa chochote, kwa sababu kiwanda kitaongeza uso mtupu mwishoni ili mkunjo ukamilike. Kijitabu cha kubana kwa pini katikati kina kanuni yake: kurasa mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe zifike idadi yote na moja zaidi. Kijitabu cha kurasa 48, 1 inalala na 48, 2 na 47, mpaka 24 na 25. Karatasi za katikati husukumwa nje kidogo. Kwa kijitabu hicho, chenye karatasi 12 za gramu 80 kwa mita ya mraba, ni kama milimita moja, na gilotini, mashine ya kukatia karatasi, inaichukua. Namba iliyo milimita tatu kutoka ukingoni inabaki na mbili, na kisu kikipinda kidogo inakwenda. Mimi huziweka angalau milimita kumi ndani.

Kupanga kurasa jozi jozi mwachie fundi wa pleti, anayeandaa bamba za kuchapia. Mpelekee PDF yenye ukurasa mmoja mmoja, fonti zikiwa ndani yake, maana faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako mistari huhama na kurasa huhama nayo. Pamoja na flashi mpe dami: karatasi tupu ulizozikunja mwenyewe, kila uso umeandikwa kwa penseli namba ya msomaji juu na ya mashine chini, na nyuso tupu zimeandikwa “tupu”.