Je, wajua kwa nini mkono ulioshikwa huchomokea upande wa kidole gumba?

Mtu usiyemjua akikudaka mkono kituoni au kwenye msongamano wa Kariakoo, mwili hufanya jambo moja bila kukuuliza: hurudi nyuma na kuvuta. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Unapovuta moja kwa moja kuja kwako unashindana na vidole vinne, misuli ya kigasha kizima na uzito wake wote. Huko ni kuvuta kamba, na kwenye kamba mzito ndiye mshindi.

Shika mpini wa ufagio uone. Vidole vinne vimezunguka upande mmoja, kidole gumba kimebaki peke yake upande wa pili, na mahali ncha zao zinapokaribiana pana mwanya. Huo ndio mlango. Kidole gumba kina nguvu, lakini kiko kimoja, na hakina mwenzake wa kukisaidia kikisukumwa.

Kifundo chako nacho si duara kama bomba. Mifupa miwili ya kigasha imelala sambamba, kwa hiyo mkono ni mpana ukiutazama kwa juu na mwembamba ukiutazama kwa ubavu. Zungusha mkono mpaka ukingo mwembamba uelekee kwenye mwanya, kama unavyopitisha bahasha chini ya mlango. Usipozungusha, upana wa kifundo unakwama kwenye vidole hata kama mwelekeo ni sahihi.

Mwanya uko wapi? Mkiwa mmetazamana, naye kakushika kwa juu: mkono wake wa kulia ukishika wako wa kushoto, kidole gumba chake kiko upande wa ndani, kwenye kifua chako, basi tokea ndani. Kulia kwake kukishika kulia kwako, kiko nje, basi tokea nje. Gizani huna haja ya kukiona. Utahisi upande gani una kidole kimoja.

Sasa sehemu inayowashinda wengi: usivute kiganja, sukuma kiwiko. Piga nusu hatua kumwendea (ndiyo, kumwendea), kunja mkono, na upeleke kiwiko chako kuelekea kiwiko chake huku ngumi yako ikipanda kuja begani kwako. Mkono wako unakuwa wenzo, na kifundo chake kinalazimika kupinda. Kifundo kilichopinda hushika vibaya. Jaribu hapo ulipo: kunja ngumi kwa nguvu, kisha pinda kifundo kuelekea ndani mpaka mwisho. Vidole vinalegea vyenyewe, kwa sababu kano zinazovifunga zimepoteza mkazo wake.

Akishika mkono wako mmoja kwa mikono yake miwili, pitisha mkono wako huru katikati ya mikono yake, shika ngumi yako mwenyewe, kisha vuta juu kuelekea bega la upande wa pili huku ukigeuza kiuno. Akikukumbatia kutoka nyuma, tanua miguu na ushushe makalio kabla hajakunyanyua, kisha kanyaga vidole vya mguu wake kwa kisigino. Akikamata nywele, bana mkono wake kichwani kwa mikono yako yote miwili, maana kinachouma ni kule kuvutwa. Akishika koti, vua koti. Akishika mkoba au simu, mwachie, hasa akiwa juu ya pikipiki. Mkanda uliopitishwa shingoni unaweza kukuburuta.

Mbinu hizi hazifanyi kazi polepole. Zinahitaji mshtuko, na zikishindwa mara moja usirudie ileile kwa nguvu zaidi. Piga teke la ugoko kwanza ili mawazo yake yahamie mguuni, ndipo uchomoe. Fanya mazoezi na rafiki anayeshika kwelikweli, mara 10 kila mkono. Rafiki anayekuonea huruma hakufundishi kitu.

Sauti nayo ina ufundi wake. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Shotland na Straw, waliigiza ugomvi wa mwanamume akimshambulia mwanamke mbele ya watu. Mwanamke alipopiga kelele kwamba hamjui mtu huyo, asilimia 65 ya walioshuhudia waliingilia kati. Alipolalamika kwamba hajui kwa nini aliolewa naye, walioingilia walikuwa asilimia 19. Kwetu pia watu husita kwenye kile wanachodhani ni ugomvi wa mke na mume. Kwa hiyo piga kelele: "Niache! Simjui huyu!" Kisha mchague mtu mmoja kwa alama: "Kaka mwenye shati la bluu, nisaidie!" Neno "mwizi" liache. Kwenye miji yetu neno hilo linaweza kuita umati, mawe na petroli, na hapo hutakuwa na uwezo wa kuuzuia.

Mkono ukitoka, kimbia kuelekea kwenye watu na mwanga: duka, kituo cha mafuta, mlinzi wa benki. Usibaki kumpiga. Sheria za Tanzania na Kenya zinakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, na hatari ikiisha ruhusa hiyo nayo imeisha. Ukiumia, toa taarifa polisi na uchukue fomu ya PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, daktari aijaze michubuko ikiwa bado inaonekana.