Uzito hauzamishi ripa: dhana potofu kuhusu zana zilizochomelewa mtaani za trekta za zamani

Kila msimu wa kulima unapokaribia, wateja huleta karakanani ripa (zana ya kupasua udongo mgumu bila kuugeuza) na plau zilizochomelewa mtaani kwa ajili ya trekta za Massey Ferguson (MF) 35 au 135, na ombi huwa lile lile: fundi, ongeza chuma, haizami. Wengine huwa wameshaongeza wenyewe, kwa kufunga mawe juu ya fremu au kuchomelea pipa lililojazwa zege. Ombi hilo nimelisikia mno, na linaniudhi kwa sababu linamaliza trekta ambazo zingeweza kuendelea kulima kwa miaka mingi. MF 135 iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1964 na 1975 bado inapiga kazi shambani, mradi isibebeshwe mzigo ambao haikuundiwa.

Ukweli ni kwamba ripa, sawa na plau ya kugeuza udongo, huzama kwa pembe ya ncha yake. Ncha iliyolala kwa digrii 20 hadi 30 kutoka usawa wa ardhi hupitisha udongo juu ya uso wake, na udongo huo, kwa uzito na upinzani wake, huikandamiza ncha chini kadiri trekta inavyovuta. Ripa nyepesi yenye pembe sahihi huzama yenyewe ndani ya mita chache za mwanzo. Ripa iliyokosewa pembe itaelea hata ukiipandishia watu wawili juu, jambo ambalo nimeliona likifanyika na ambalo ni hatari tupu.

Kabla ya kununua chuma kingine, geuza ncha utazame upande wake wa chini. Ukikuta bapa linalong'aa, hata likiwa na upana wa sentimita moja tu, basi umeshaugundua ugonjwa: ncha imelika, na bapa hilo linateleza juu ya ardhi ngumu badala ya kuichimba. Kisha ishushe zana kwenye sakafu iliyo sawa ikiwa imefungwa kwenye trekta. Ncha ndiyo inayopaswa kugusa kwanza, kisigino, yaani sehemu ya nyuma ya ncha, kikiwa kimebaki juu. Kisigino kikitangulia, fupisha mkono wa juu unaounganisha zana na trekta kwa mzunguko mmoja au miwili ili zana iinamie mbele, ujaribu tena shambani. Kazi yote hiyo haigharimu hata kijiti kimoja cha kuchomelea, na kwa uzoefu wangu ripa nyingi zinazoletwa kuongezewa uzito hazikuhitaji zaidi ya hapo.

Uzito wenyewe una gharama. Tuseme magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 1.8, na zege lako linaning'inia mita 1.5 nyuma ya ekseli ya nyuma: kila kilo 100 unazoongeza huyapunguzia magurudumu ya mbele zaidi ya kilo 80 pindi zana inaponyanyuliwa. Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi barabarani, na trekta inainua pua kwenye kila tuta. Haidroliki nayo inachoka, mihuri ya kuzuia mafuta inavuja, na dereva analalamika kwamba pampu imekufa. Harry Ferguson, ambaye mfumo wake wa pointi tatu, yaani wa kuifunga zana kwenye trekta kwa mikono mitatu, uliingia sokoni na trekta ya Ferguson-Brown mwaka 1936, alikusudia kinyume kabisa cha hayo: zana iwe nyepesi, na nguvu ya kuvuta ndiyo iyakandamize magurudumu ya nyuma yapate kushika ardhi.

Plau ya sahani na haro ni jambo jingine. Hizo kweli hutegemea uzito, kwa kuwa sahani haina ncha ya kuivuta chini, na nadhani dhana hii ilizaliwa huko, maana plau ya sahani ndiyo iliyozoeleka katika mashamba yetu. Kanuni ya sahani isihamishiwe kwenye ripa.

Dhana nyingine ni kwamba springi ya lori huchomelewa kama chuma kingine chochote. Springi ni chuma kizuri sana kwa ncha, lakini kikipozwa ghafla hugeuka kigumu na chepesi kuvunjika, kwa hiyo ufa hutokea pembeni mwa mshono wakati mshono wenyewe ukiwa mzima. Ni lazima kipashwe moto kwanza, kichomelewe kwa vijiti vikavu vya aina ya 7018, kisha kifukiwe kwenye majivu kipoe polepole. Mimi humshauri kila mteja afunge ncha kwa bolti: tundu la kati la springi lipo tayari, na la pili hutobolewa baada ya kipande kupashwa hadi kiwe chekundu na kuachwa kipoe ndani ya majivu. Ncha ikilika, inabadilishwa shambani kwa spana.

Bolti inayokatika kwa makusudi mzigo ukizidi, kwenye shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye zana), si udhaifu wa mtengenezaji. Anayeiondoa na kuweka kipande cha nondo, eti asisumbuliwe, ameamua kwamba slasha (mashine ya kufyeka) ikigonga kisiki kitakachovunjika ni giaboksi. Weka bolti laini, na akiba yake ikae kwenye sanduku la vifaa. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde, kwa hiyo zana isiyo na kifuniko cha shafti haitoki karakanani kwangu.

Hatimaye kuna wanaofunga mnyororo wa kung'olea visiki kwenye sehemu ya mkono wa juu, wakiamini kuwa kuvuta kutoka juu kunaongeza nguvu. Mzigo ukigoma, magurudumu ya nyuma hubaki yamesimama na trekta yenyewe huzunguka kwenye ekseli yake ikamwangukia dereva kwa nyuma, kwa kasi ambayo hata mguu haujafika kwenye klachi. Mnyororo hufungwa kwenye ndoano ya kuvutia, chini ya ekseli, na si mahali pengine popote.