Irabu za kuazima, tarehe za kuazima

Ujumbe umeingia tena, saa tano usiku, herufi kubwa mwanzo hadi mwisho: "MWALIMU WA KIEBRANIA, MBONA UNAWAFICHA WATU JINA LA BABA?" Chini yake hoja tatu. Jina la Mungu ni Yehova, na limetamkwa hivyo tangu Adamu. Mapadre walilifuta. Ya tatu haikuhusiana na hizo mbili, ila siku hizi huja zimefungwa kamba moja: hesabu inayoonyesha kwamba dunia imebakiza miaka michache. Wiki iliyopita nilipata mwingine wa kambi pinzani. Yehova ni jina bandia, anayelitaja maombi yake hayavuki dari, jina lenyewe ni Yahuah. Naye alikuwa na tarehe yake.

Nimewajibu watu hawa mmoja mmoja kwa miaka. Leo najibu mara moja, na atakayeniandikia tena nitamtumia ukurasa huu nikalale.

Konsonanti kwanza, maana hazina ugomvi. Yod, he, waw, he. Zimo zaidi ya mara 6,800 katika Agano la Kale la Kiebrania. Zimechongwa kwenye jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, karne ya 9 KK, na huyo hata hakuwa Mwisraeli. Nazifundisha wiki ya pili ya kozi. Kwa hiyo habari ya kuficha ifie hapa.

Kazi ni irabu. Kiebrania cha kale kiliandikwa karibu bila irabu. Mzawa wa lugha hilo halimsumbui: ukimwandikia "amekata mt" anajua ni mti, "amevuka mt" anajua ni mto, sentensi imeshamwambia. Lakini neno ambalo watu wameacha kulitamka halina sentensi ya kuliokoa. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo Wayahudi walizoea kusema Adonai, yaani Bwana, kila macho yao yalipokutana na zile herufi nne. Ilikuwa heshima. Padre hakuwepo. Ukristo wenyewe haukuwepo.

Mamia ya miaka baadaye wakaja Wamasora, wasomi wa Kiyahudi, wale wa Tiberia ndio maarufu zaidi, kazi yao kutia vitone vya irabu kwenye maandiko. Sheria yao ilikuwa ngumu: konsonanti haiguswi. Sasa ufanyeje ukifika mahali panapoandikwa hivi na kusomwa vile? Waliacha konsonanti za neno lililoandikwa, wakazivisha irabu za neno linalosomwa. Ni kibao cha barabarani: hapa soma Adonai. Msomaji wa Kiebrania alikijua kibao hicho kama unavyojua taa nyekundu.

Asiyekijua akasoma kibao na barabara kwa pamoja, likatoka Yehova. Miongoni mwa wa kwanza tunaowajua kuandika tamko la namna hiyo ni Raymundus Martini wa Hispania, karne ya 13. Mwaka 1530 William Tyndale akaliingiza katika tafsiri yake ya Kiingereza, na kutoka huko likasambaa. Huyo Martini alikuwa nani? Mtawa Mdominiko. Yaani ndugu yangu anayewalaumu mapadre kwa kulifuta jina ananiletea tamko lililotoka kwenye kalamu ya mtawa wa Kikatoliki. Nikimwambia hivyo huwa anabadilisha mada, na mada anayoihamia ni mwisho wa dunia.

Nikae kidogo kwenye aya moja, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Mwanzo 15:2. Abramu anasema "Adonai" na papo hapo linafuata lile jina la herufi nne. Ukisoma kwa desturi itakuwa "Adonai Adonai", Bwana Bwana. Basi msomaji wa Kiyahudi mahali kama hapo alisema "Adonai Elohim", Bwana Mungu, na Wamasora wakabadilisha kibao: zile zile konsonanti nne, safari hii zimevaa irabu za Elohim. Huhitaji kujua Kiebrania kuliona hili. Fungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version hapo hapo: "Ee Bwana MUNGU". Kwingine jina hilo ni BWANA kwa herufi kubwa. Hapa MUNGU ndilo lenye herufi kubwa. Watafsiri walikisoma kibao.

Siku moja niliweka darasani picha ya hati ya Leningrad, nakala ya Agano la Kale la Kiebrania iliyonakiliwa yapata mwaka 1008, ukurasa wenye aya hiyo. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima, shemasi kanisani kwake, mtetezi mkubwa wa Yehova, alitoka kwenye kiti akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Akaweka kidole chini ya waw, kwenye kitone kimoja. "Mwalimu, hii si ni i?" Ni i. Ukiisoma kwa kanuni iliyokupa Yehova, hapa Mungu wa Abramu anaitwa Yehowi. Tena katika hati hiyo hiyo, sehemu nyingi zile za kawaida hazina kabisa kitone cha o, unabaki na kitu kama Yehwa. Majina matatu, hati moja. Au ni jina moja na vibao tofauti? Shemasi alirudi akakaa. Hakuuliza tena siku hiyo, ila aliomba nakala ya picha.

Kambi ya Yahweh, tamko la wasomi wengi, msianze kushangilia. Nanyi mmesimama kwenye ubao mwembamba. Klementi wa Aleksandria, mwandishi Mkristo, yapata mwaka 200, anatoa umbo la Kigiriki linaloelekea huko. Askofu Theodoreto, karne ya 5, anasema Wasamaria walitamka Iabe. Ongeza kitenzi cha "kuwa" kinachochezewa katika Kutoka 3:14, pale "MIMI NIKO AMBAYE NIKO". Basi, hiyo ndiyo nguzo. Upande wa pili, Wayahudi wa Elefantine, kisiwa cha mto Nile, karne ya 5 KK, wanaandika herufi tatu: YHW. Kipande cha Walawi kwa Kigiriki kutoka pango la 4 la Qumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, kimeandika Iao. Majina ya watu yanaanza na Yeho, kama Yehoshua, na kuishia na Yahu, kama Yirmeyahu. Haleluya ina Yah. Walioishi karibu zaidi na jina wanatupa kitu chenye sauti ya o au u mwishoni, na sisi tunamwamini Mgiriki aliyekuja mamia ya miaka baadaye.

Nakiri basi. Darasani hutamka Yahweh kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwa sababu wenzangu wengi hutamka hivyo na kozi lazima iende. Usiku, peke yangu, naona Yahu au Yaho haikutendewa haki. Vitabu vya kiada huandika "yaelekea" mara moja ukurasa wa kwanza, kisha hilo neno halionekani tena.

Yahuah sitalipotezea muda. Hoja yake kubwa ni kwamba waw ni u, na hapo pamekwisha.

Ya herufi J nayo. "Herufi J haikuwepo kabla ya miaka ya 1500, kwa hiyo hilo jina ni la uongo!" Ndugu, sisi tunaandika Yesu, Yehova, Yeremia, Yerusalemu. J iko wapi? Umetafsiri ugomvi wa Kiingereza ukasahau kuangalia kama kwetu una pa kushika. Pacha wake ni ule unaodai jina Yesu limetoka kwa Zeus, mungu wa Wagiriki. Iesous ndilo umbo ambalo Wayahudi waliotafsiri Biblia kwa Kigiriki walimpa Yoshua mwana wa Nuni, muda mrefu kabla ya Bethlehemu. Ile s ya mwisho ni kiishio cha Kigiriki tu, hudondoka likinyambuliwa: Iesou. Zeus likinyambuliwa linakuwa Dios. Hayana hata mjomba mmoja.

Na kama kutamka vibaya kunaziba masikio ya mbinguni, tuwalilie wasomaji wa Kigiriki wa zamani. Baadhi ya nakala zao ziliacha zile herufi nne kwa Kiebrania katikati ya Kigiriki. Wasiojua, wakisoma kushoto kwenda kulia, waliona herufi zinazofanana na pi na iota, wakasoma "pipi". Jeromu, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, analieleza hilo karne ya 4. Sichekeshi. Watu walisoma zaburi, wakafika kwa Mwenyezi, wakasema pipi.

Kuhusu Agano Jipya nitakuwa mfupi. Hakuna hata hati moja ya Kigiriki iliyotufikia yenye zile herufi nne ndani yake. Tafsiri ya Mashahidi wa Yehova imeweka jina hilo mara 237 humo. Hoja yao si ya kipuuzi: kweli kuna vipande vya Agano la Kale la Kigiriki, vya zamani sana, vyenye jina kwa herufi za Kiebrania, kama ile papirasi ya Fouad kutoka Misri. Lakini kutoka "lilikuwa kule" hadi "basi lilikuwa na huku" ni hatua ndefu, na hati hazikuifuata.

Sasa tarehe. Ni ufundi ule ule. Kama irabu za neno moja zilivyovishwa konsonanti za jingine, ndivyo kipimo cha aya moja kinavyovishwa namba za aya nyingine. Hesabu 14:34 inasema siku moja kwa mwaka mmoja, ikizungumzia adhabu ya miaka 40 jangwani. Ezekieli 4:6 inarudia kipimo hicho kwa jambo lake. Kichukue, kipeleke Danieli 8:14 penye siku 2,300, na unaye William Miller, mhubiri wa Marekani aliyetangaza mwaka wa kurudi kwa Kristo. Alianza 457 KK, akafika 1843, akisahau kwamba hakuna mwaka sifuri kati ya 1 KK na 1 BK, na kwa kalenda ya Kiyahudi dirisha lake likaishia Machi 1844. Likapita. Mfuasi wake Samuel Snow akaleta 22 Oktoba 1844. Watu waliacha mazao shambani. Ikapita hiyo nayo. Hiram Edson na wenzake wakasema tarehe ilikuwa sawa, tulichokosea ni tukio: Kristo ameingia sehemu nyingine ya patakatifu pa mbinguni. Humo ndimo ulimokulia Uadventista wa Sabato.

Tarehe huwa haifi. Kinachohama ni tukio, na huhamia mahali pasipoonekana. Angalia 1914. Nyakati saba za Danieli 4, kila moja siku 360, jumla 2,520, siku zigeuze miaka. Wafuasi wa Charles Taze Russell, ambao kwao walitoka Mashahidi wa Yehova, walianzia 606 KK, nao walilisahau lile sifuri. Kosa lilipokuja kurekebishwa, mwanzo ulisogezwa hadi 607 KK ili mwisho ubaki palepale. Yerusalemu, ambayo wanahistoria wanaweka anguko lake 587 au 586, haikuulizwa. Na 1914 ikawa mwaka wa kuja kusikoonekana. Baadaye kulikuwa na matarajio makubwa ya 1925, kisha 1975.

Msidhani ni ujinga wa hesabu. Michael Stifel alikuwa mwanahisabati wa kweli, vipeo vya namba vinamdai shukrani. Alitangaza mwisho saa 2 asubuhi, 19 Oktoba 1533. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani aliyesomea uhandisi, alifika 21 Mei 2011 kwa siku 722,500 tangu msalaba, ambazo ni 5 mara 10 mara 17, jibu lizidishe kwa lenyewe. Kuzidisha ni sahihi, nimejaribu. Siku ilipopita akasema hukumu imekuja kiroho, akasogeza hadi 21 Oktoba. Mwaka uliofuata alikiri wazi kwamba alikosea. Kwa hilo namvulia kofia, maana ni wachache mno.

Ila kuna mahali ninapokwama, na sitajifanya sikwami. Danieli 9. Nabii anasoma miaka 70 ya Yeremia, na malaika anamletea majuma 70, ambayo karibu wafasiri wote, Wayahudi kwa Wakristo, huyasoma kuwa majuma ya miaka: 490. Nami nafundisha hivyo. Yaani kuichukua namba ya andiko moja na kuivisha kipimo kipya hakukuanza na Miller. Kumo ndani ya Biblia yenyewe, mbele ya macho yangu. Naweza kumwambia Miller kwamba alipeleka kipimo pasipohusika. Siwezi kumwambia kwamba wazo lenyewe alilibuni yeye.

Yule wa saa tano usiku nimemjibu kwa mstari mmoja: tafuta picha ya Mwanzo 15:2, uniambie irabu ya mwisho ni ipi. Asubuhi nimekuta jibu, safari hii kwa herufi ndogo. "mwalimu nimeiona hiyo i. nitaifanyia utafiti. lakini tarehe iko palepale."