Mgonjwa wa janga hutibiwaje akishalazwa?

Watu wakijua kwamba nilikuwa muuguzi wa wodi ya UVIKO-19, swali lao la kwanza ni moja: "Mlikuwa mnawapa dawa gani?" Wanasubiri nitaje kidonge au sindano. Nikijibu kwamba wengi walivuka kwa oksijeni, kugeuzwa kitandani na kuangaliwa kwa karibu usiku kucha, naona nyuso zinavyosinyaa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa mpya ukizuka, dawa yake huwa bado. Kazi yetu ni kuushikilia mwili usizime wakati kinga ya mgonjwa inapambana.

Akifika mapokezi, kinachonishughulisha kwanza si homa wala kikohozi. Nahesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akizidi 30, hali yake ni mbaya hata kama ameingia kwa miguu yake na anasalimia vizuri. Hapa pana ujanja kidogo: ukimwambia unahesabu pumzi zake, anaanza kuzipanga. Basi namshika kifundo cha mkono kana kwamba napima mapigo, macho yangu yakiwa kifuani kwake, na nahesabu dakika nzima. Wapo wanaohesabu sekunde 15 kisha wakazidisha kwa nne; mimi siwaungi mkono.

Kisha oksimita, kile kibanio cha kidoleni. UVIKO-19 ulituonyesha jambo la ajabu: mgonjwa anaongea na simu, hahemi, ukimpima unakuta oksijeni ya damu imeshuka hadi asilimia 80. Kwa hiyo "mimi sijambo" ya mgonjwa haitoshi. Hata hivyo kibanio nacho si msema kweli daima. Kidole cha baridi au rangi ya kucha huweza kukivuruga. Kubwa zaidi, utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulikuta kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kuonekana kwenye kibanio kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya Wazungu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisoma 93 huku pumzi zinakwenda mbio, mimi naamini pumzi, na kama maabara ipo naomba ipimwe damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni.

Oksijeni hupandishwa kwa ngazi. Huanza na vijirija vya puani, lita 1 hadi 5 kwa dakika, isipotosha, barakoa, isipotosha tena, barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15. Ukifika hapo hesabu inaanza kutisha. Mgonjwa mmoja wa lita 15 hutumia lita 21,600 kwa siku. Mtungi mkubwa una kama lita 7,000, yaani haumalizi saa nane. Wagonjwa kumi wa aina hiyo wanataka mitungi zaidi ya 30 kila siku. Ndiyo maana hatumsukumi mtu hadi asilimia 100 ili ndugu zake wafurahi. Kwa wengi, 92 hadi 96 inatosha. Ukizidisha, humwongezei kitu na unamnyang'anya wa kitanda cha pili. Nimebishana na wenzangu mara nyingi juu ya hili, na sijabadili msimamo.

Kitu kingine ni kumlaza mgonjwa kifudifudi. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na mtu akilala chali, moyo na tumbo huikandamiza. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa wa mashine ya kupumulia ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya. Miongoni mwa waliolazwa kifudifudi kwa vipindi vya angalau saa 16, walifariki 16 kati ya 100 ndani ya siku 28. Walioachwa chali, karibu 33. Ni tofauti kubwa kwa kitu kinachohitaji mikono tu. Ila mikono yenyewe ni mingi, watu watano hadi saba. Mmoja hukaa kichwani ameshika mrija wa kupumulia, na yeye ndiye anayehesabu; hakuna anayesogeza hata shuka kabla yake. Vibandiko vya kupimia moyo huhamishiwa mgongoni, macho hufungwa yasikauke, mto huwekwa chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga, mkono mmoja juu na mwingine chini kama mtu anayeogelea. Kila baada ya saa mbili hivi kichwa hugeuzwa, la sivyo shavu hupata kidonda.

Dawa zilikuja, sikatai. Juni 2020 jaribio la Uingereza liitwalo RECOVERY lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kipande hicho cha mwisho ndicho watu waliokiruka, wakawa wanaimeza nyumbani kwa mafua ya siku mbili! Jaribio hilohilo lilionyesha kuwa hidroksiklorokwini, dawa ya malaria, haisaidii waliolazwa. Tulichoma pia heparini kuzuia damu kuganda. Antibayotiki haigusi kirusi; hupewa palipo na dalili za bakteria.

Mashine ya kupumulia huogopwa kuliko yote. Haitibu mapafu, inayapumzisha tu yakipona. Mwaka 1952, polio ilipoivamia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu kukamua mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, wagonjwa wasiishiwe pumzi. Huduma ya wagonjwa mahututi tunayoijua leo ilichipuka hapo.

Na yote hayo hufanywa ukiwa ndani ya mavazi ya kujikinga. Kuyavaa si hatari; hatari iko kwenye kuyavua, maana upande wa nje umeshachafuka. Barakoa huwa ya mwisho kutoka, ukiwa nje ya chumba, halafu mikono inasafishwa. Kwa sababu hiyo kila tunapoingia tunakusanya kazi: dawa, vipimo, kugeuza, kusafisha kinywa, na simu ya video kwa familia, vyote kwa safari moja.

Mgonjwa akitolewa mrija, ndugu hudhani yamekwisha. Kwanza tunapima kama anaweza kumeza, kwa sababu koo lililokaa na mrija kwa wiki linaweza kupitisha maji kwenda mapafuni. Kisha misuli: wengine hawawezi kuinua kijiko wala kuketi ukingoni mwa kitanda bila kushikwa. Kuanzia hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana kazi kuliko daktari, na kazi hiyo huendelea kwa miezi baada ya mgonjwa kuruhusiwa.