Hati Tatu Mezani, Rejesho la Mwezi Hakuna

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu na bahasha ya plastiki. Akatoa hati tatu za majengo, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, akasema: "Mwanangu, mimi si maskini. Zote hizi ni zangu." Na zilikuwa zake kweli; tulizikagua, hazikuwa na dosari. Lakini alikuwa amekuja kuomba aongezewe muda, kwa sababu rejesho la mkopo la mwezi ule hakuwa nalo, na la mwezi uliotangulia alilipa kwa kukopa kwa ndugu. Nikamuuliza, "Mama, daftari la kodi ya pango liko wapi?" Akagusa kichwa chake kwa kidole.

Mimi ni mthamini. Kazi yangu katika taasisi ya fedha ni kupima majengo yanayoletwa kuwa dhamana ya mikopo, na hadithi ya mama yule naijua kwa sura nyingi. Wanaotaka kuingia katika biashara ya majengo huniuliza wanunue wapi na bei ya ardhi itapanda lini. Ni maswali ya haki, lakini swali linaloamua kama utabaki na majengo yako ni jingine: siku deni linapoiva, fedha taslimu ipo? Jengo linaweza kuwa na thamani kubwa, na mwenyewe akaanguka nalo lingali limesimama.

Tuchukue jengo lenye nyumba 10 za kupangisha, kila moja ikileta 10 kwa mwezi. Iwe 10 ya fedha gani haidhuru, hesabu ni ileile. Kwa mwaka, zote zikijaa na wote wakilipa, ni 1,200. Ila hazitajaa mwaka mzima, na si wote watakaolipa. Toa 96, yaani asilimia 8, zibaki 1,104. Sasa toa ulinzi, bima, kodi za serikali, umeme wa ngazi na korido, mshahara wa msimamizi, rangi, mabomba na paa. Tuseme zote ni 384. Pato halisi la jengo ni 720. Wengi huruka hatua hii. Huzidisha pango kwa miezi 12, wakaenda benki na 1,200 kichwani.

Jengo hilo, mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka atalinunua kwa 9,000, maana 720 ni asilimia 8 ya 9,000. Ukikopa robo tatu ya bei hiyo, 6,750, kwa miaka 25 na riba ya asilimia 7.5, marejesho yatakuwa takribani 600 kwa mwaka. Pato 720, deni 600: kila 1 ya deni ina 1.2 ya kuilipa. Wakopeshaji wengi huanzia hapo kukubali, na wengine hutaka zaidi.

Sasa tikisa kidogo. Nyumba mbili zikae tupu mwaka mzima. Pango linashuka hadi 960, lakini mlinzi halipwi pungufu kwa sababu nyumba mbili ziko tupu, na bima haipungui. Matumizi yakishuka hadi 370, pato ni 590, nawe unadaiwa 600. Jengo lenye wapangaji wanane kati ya kumi, ambalo mpita njia ataliona limejaa, limeshindwa kujilipia.

Tikisa upande wa pili. Wapangaji wote wapo, lakini mkopo wako ni wa riba inayobadilika na riba imepanda hadi asilimia 10. Marejesho yanafika karibu 736 kwa mwaka, pato bado ni 720. Wakati huohuo wanunuzi nao, kwa kuwa fedha imekuwa ghali, wanataka faida ya asilimia 10 badala ya 8, kwa hiyo jengo lako la 9,000 sasa ni la 7,200. Ukitoa deni, sehemu yako iliyokuwa 2,250 imebaki 450. Hakuna tofali lililodondoka. Ukikimbilia kuuza, unauza siku mbaya kuliko zote. Ukikimbilia kukopa kwingine, mkopeshaji mpya anaona deni limeshafika zaidi ya asilimia 93 ya thamani na anakurudishia makaratasi.

Haya yamewapata wakubwa kuliko sisi sote. Kampuni ya Olympia & York ya ndugu wa ukoo wa Reichmann kutoka Toronto ilinunua majengo ya ofisi New York mwaka 1977, bei zikiwa chini, zikapanda, na kampuni ikawa miongoni mwa wajenzi wakubwa kabisa duniani. Kisha ikaanza kujenga Canary Wharf, London, katika eneo la gati za zamani za meli. Jengo refu la One Canada Square lilikamilika mwaka 1991, wakati soko la ofisi limeanguka. Wapangaji walikuwa wachache, na reli ya chini ya ardhi iliyotarajiwa kuwafikisha pale haikuwepo. Tawi lake hilo, la njia ya reli iitwayo Jubilee, lilifunguliwa mwaka 1999. Kampuni ilitegemea sana mikopo ya muda mfupi, inayolipwa kwa kukopa tena. Wakopeshaji walipogoma kukopesha tena, mambo yaliisha kwa haraka. Mei 1992 Olympia & York iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, na Canary Wharf ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Ninachotaka msomaji akikazie macho ni kilichofuata. Mwaka 1995 Paul Reichmann, mmoja wa ndugu hao, alirudi, pamoja na wawekezaji wengine, akainunua tena Canary Wharf. Mabenki makubwa yakahamia, na leo ni moja ya vitovu vya fedha vya Ulaya. Kwa hiyo hakukosea mahali, wala jengo halikuwa bovu. Alijenga kitu cha miaka hamsini kwa fedha inayodaiwa baada ya miezi. Napenda kumrudia mtu huyu ninapofundisha, maana alikuwa sahihi na bado akapoteza karibu kila kitu.

Kabla ya kusaini mkopo, basi, weka tarehe mbili sambamba: lini jengo litaanza kuleta fedha kwa uhakika, na lini deni litaanza kulipwa. Kama ya pili inatangulia, lazima uwe na akiba ya kuziba pengo, na akiba hiyo iwe fedha taslimu, isiwe kiwanja kingine. Uliza riba ni ya kudumu au inabadilika, na ikibadilika, fanya ile hesabu ya asilimia 10 kwa mkono wako mwenyewe. Mimi hushauri wateja wetu wakae na marejesho ya miezi sita benki bila kuyagusa. Wengi hunijibu kwamba hiyo ni fedha iliyolala, ingekuwa imeshaanzisha msingi wa jengo la pili. Naielewa hamu hiyo. Nimewahi pia kuhudhuria mnada wa nyumba ya mtu aliyenijibu hivyo, na sitaki kuhudhuria mwingine.

Upande wa wapangaji ndiko fedha inakoingia, na ndiko wenye majengo wasikopenda kukaa. Kununua kuna msisimko. Kufuatilia bomba linalovuja chini ya sinki hakuna. Lakini hesabu ya mpangaji anayehama ni kali. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja umepoteza zaidi ya asilimia 8 ya pango la mwaka. Mwenye nyumba anayempandishia mpangaji mzuri kutoka 10 hadi 10.5, mpangaji akaondoka, na mgeni akapatikana baada ya mwezi mmoja, atapata 115.5 kwa mwaka huo mahali pa 120. Hapo hujaweka dalali, rangi na kitasa kipya. Sisemi pango lisipande, kwani gharama nazo zinapanda. Nasema lipande kwa taarifa ya mapema, kwa mazungumzo, na kwa mtu ambaye bomba lake limeshatengenezwa.

Kiongozi wa biashara hii hahitaji kushika spana. Anahitaji kujua, kila wiki, mambo machache bila kumtafuta mtu: nani hajalipa na kwa siku ngapi, nyumba ipi iko tupu na tangu lini, malalamiko yapi yamevuka siku tatu bila fundi kufika. Msimamizi wa majengo akishindwa kukupa hayo kwenye karatasi moja, hata awe mwaminifu namna gani, unaendesha gari usiku bila taa. Tena mlipe kwa namna inayomfanya atunze wapangaji. Ukimlipa kwa kila mpangaji mpya anayemleta tu, umempa sababu ya kutowahuzunikia wanaoondoka.

Kuna fedha inayopita mikononi mwako isiyo yako, na hapa sina lugha ya upole. Amana ya mpangaji ni yake mpaka siku mkataba utakapoamua vingine. Ikae kwenye akaunti ya peke yake, isilipe saruji. Fedha ya mtu aliyenunua nyumba ambayo haijajengwa ni ya nyumba ile, si ya kuanzishia mradi mwingine. Evergrande, kampuni ya China ya kujenga na kuuza nyumba, ilikua kwa kukopa na kwa kuchukua fedha za wanunuzi kabla nyumba hazijakamilika. Serikali ilipobana mikopo ya kampuni za aina hiyo mwaka 2020, mzunguko ukakatika. Mwaka uliofuata ilishindwa kulipa, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Familia zilibaki zikidaiwa mikopo ya nyumba zisizo na madirisha. Nawe mnunuzi, ukitakiwa kulipa mapema, uliza fedha yako itakaa akaunti gani na ni nani anayeidhinisha itoke.

Wabia, nao, waandikiane wakiwa bado wanacheka pamoja: nani anaamua kuuza, anayetaka kutoka anauza sehemu yake kwa nani na kwa bei iliyopimwa na nani, na mmoja akifariki warithi wake wanaingia kama nani. Jengo haligawanyiki kama fedha. Wabia wawili wenye nusu kwa nusu wasiokubaliana wanaweza kulifunga jengo zima miaka kadhaa mahakamani, huku mlinzi akiendelea kulipwa.

Mama wa hati tatu hatukumnyang'anya kitu. Tulikaa naye siku mbili, tukaandika kila nyumba, kila mpangaji, kila deni. Ikaonekana kwamba jengo moja, lile la ghorofa alilolipenda kuliko mengine, lilikuwa linakula pato la yale mawili. Alilia kidogo, akaliuza yeye mwenyewe kwa bei ya utulivu, siyo ya mnada, akapunguza mkopo. Miezi kadhaa baadaye alirudi na daftari kubwa lenye mistari. Ukurasa wa mwezi ule ulikuwa na majina kumi na moja, kumi yamewekwa alama ya vema. Mbele ya la kumi na moja aliandika kwa kalamu nyekundu: "Atalipa tarehe 9. Nimeongea naye. Fundi wa bomba aende kesho."