Je, wajua kwa nini uyoga wa kichuguu huwafuata kumbikumbi?

Mvua ya kwanza ikishapiga Nachingwea, mara nyingi mwishoni mwa Novemba au Desemba, jioni yake watoto hawaitwi kula wakaja. Wako nje wamezunguka taa, na chini ya taa kuna beseni la maji. Kumbikumbi wanatoka. Wanaruka kwa fujo, wanagonga taa, wanatumbukia. Asubuhi mabawa yametapakaa barazani kama maganda ya vitunguu, na jikoni kikaango kinanukia.

Wiki kadhaa baadaye, kwenye vichuguu vilevile walikotoka kumbikumbi, unachomoza uyoga. Kwa mtu aliyekulia kusini hili si habari. Shangazi yangu hana kalenda nyingine ya uyoga zaidi ya hiyo: kumbikumbi wakisharuka ndipo anaanza kuhesabu. Siku moja nikamwuliza kwa nini iwe hivyo kila mwaka, kumbikumbi mbele, uyoga nyuma. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jogoo huwika. "Ndivyo vilivyo, baba." (Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu, yaani baba yake mzazi.)

Sababu ipo, na inaanzia ndani ya kichuguu.

Mchwa wajengao vile vichuguu vikubwa ni wakulima. Usiku hutoka kukusanya nyasi kavu, majani na vipande vya miti, vitu vigumu ambavyo matumbo yao peke yao hayaviwezi vizuri. Wanavitafuna, vinapita tumboni haraka, kisha wanavitoa na kuvifinyanga kuwa sega, kitu chepesi chenye mikunjo mingi, cha rangi ya kahawia. Juu ya sega hilo hukua kuvu iitwayo Termitomyces. Kuvu hii ndiyo inayovunja ule ugumu wa mti na nyasi. Baada ya muda sega hujaa vijipunje vyeupe kama punje za uwele, na mchwa huvila pamoja na sega lililokwisha kuiva. Ukiwahi kubomoa kichuguu ukakuta kitu kama sponji chenye nukta nyeupe, hapo ulikuwa umeingia shambani mwa watu. Shamba hilo hutunzwa kwelikweli: joto halichezi mbali na nyuzi 30 za Selsiasi, unyevu upo muda wote, na kuvu ya kigeni ikijipenyeza inapaliliwa kama gugu.

Binadamu tumeanza kulima juzi tu, kama miaka 10,000 na ushee iliyopita. Mchwa wa Afrika wanakadiriwa kuanza miaka milioni 30 hivi. Na ushahidi mmojawapo umetoka hapahapa nchini: mwaka 2016 wanasayansi walieleza masega ya mchwa yaliyogeuka mawe, yaliyopatikana katika bonde la Rukwa, yenye umri wa miaka milioni 25.

Sasa turudi kwa kumbikumbi. Wale ni mabwana na mabibi harusi wa mchwa. Wakitoka kichuguuni hawarudi. Walionusurika na taa, kuku, vyura na vikaango vyetu hutua wawili wawili, wanadondosha mabawa, wanachimba kishimo na kujifungia humo. Jike anataga, na wote wawili wanawalea watoto wa kwanza kwa akiba iliyomo miilini mwao. Lakini hawakubeba mbegu. Isipokuwa aina chache, wakulima hawa huhama nyumbani mikono mitupu, wakaanzishe kijiji kipya bila hata punje ya ile kuvu ambayo ndiyo maisha yao.

Wiki zinapita. Watoto wa kwanza wanakua, wanakuwa vibarua, wanatoboa njia ya kutokea nje kwa mara ya kwanza katika maisha ya kile kijiji. Wana njaa, na lile sega lao la kwanza halina mbegu. Sasa fikiri: ungekuwa wewe ndiye kuvu, ungechomoza juu ya ardhi lini?

Ndiyo siku hizo. Kutoka kwenye vichuguu vya zamani uyoga, ambao ni tunda la kuvu hiyo, unapenya udongo, unafungua kofia, na kumwaga vumbi laini ambalo ndilo mbegu zake, wataalamu huziita spora. Vumbi linapeperuka na kutua kwenye nyasi na vijiti. Vibarua wachanga wanavila, spora zinapita tumboni salama, zinatua segani, shamba jipya limepandwa. Uyoga ungetoka siku moja na kumbikumbi, mbegu zingemwagika wakati wapandaji hawajazaliwa. Kwa hiyo ule uyoga, tukisema kweli, hauotei sisi. Sisi ni wapita njia tunaokula posa ya watu.

Januari moja nilifuatana na shangazi. Tulitoka alfajiri, yeye mbele na panga na kikapu, na kila nikimpita ananirudisha nyuma: "Usitangulie, utaukanyaga." Kichuguu chenyewe kilikuwa kimejaa vichaka, mtu asiyejua angedhani ni kilima. Ubavuni udongo ulikuwa umepasuka nyufa kama mkate uliozidi hamira, na katikati ya ufa kulikuwa na ncha ya kijivu, imechongoka kama chuchu. Ile ncha ni ngumu, ndiyo tindo ya uyoga wa kichuguu, nayo hubaki katikati ya kofia hata ikishakunjuka. Shangazi hakuung'oa. Alichimba pembeni taratibu kwa ncha ya panga, na shina likazidi kushuka, jeupe, linazidi kuwa jembamba, mpaka mkono wake ukazama karibu na kiwiko. Ule mkia mrefu ni njia ya kutoka segani hadi kwenye mwanga. Aliukata, akarudishia udongo, akaushindilia kwa kisigino. Mmoja uliokwisha kufunguka wote, kofia imepasuka pembeni, aliuacha. "Huo una funza," alisema. Funza au la, huo ndio ulikuwa kazini ukimwaga mbegu.

Si wote huwa mkubwa hivyo. Kuna wa kichuguu mdogo kama vifungo vya shati, unaotandaza chini mamia kwa mamia, kazi ya kuuokota huachiwa watoto. Na kuna ulioelezwa kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake hufika hata upana wa mita moja. Mwavuli, kwa maana halisi ya mwavuli.

Lakini kwa nini jana hapakuwa na kitu na leo asubuhi pamejaa? Kiswahili chenyewe kimeshangaa jambo hili, ndiyo maana vibanda vya simu na nyumba za wageni husemwa "vimeota kama uyoga". Ukweli ni kwamba uyoga hauoti usiku mmoja. Kinachoonekana ni tunda tu, kama embe. Mti wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizotandaa ardhini au segani mwaka mzima. Tunda hilo huumbika chinichini kwa siku kadhaa likiwa dogo, kofia na shina vimekunjwa tayari. Kilichobaki ni maji. Mvua ikilowesha ardhi, chembe zilizokwisha kuumbwa hujijaza maji na kuvutika, na nguvu ya maji hayo ndiyo inayopasua udongo mgumu. Ni kujaza puto zaidi kuliko kukua.

Wazee wengi watakuambia ni radi inayouamsha. Nilikuwa nikicheka, siku hizi nacheka kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate huko Japani walipiga umeme wa nguvu ya ghafla kwenye magogo na vitanda vya uyoga wa kulimwa, na baadhi ya aina zikazaa maradufu. Uyoga wa kichuguu haukuwamo katika majaribio hayo.

Mbali na vichuguu kuna uyoga wa pili, wa msituni, ambao hadithi yake ni nyingine kabisa. Huko Ulaya na Marekani watu huingia misituni majira ya kuchipua, Aprili na Mei, kutafuta uyoga aina ya Morchella, wenye kichwa kama sega la asali. Wao husubiri theluji iyeyuke na udongo upate joto. Sisi joto tunalo mpaka la kugawa, tunachosubiri ni maji. Ila na miombo yetu ina kuchipua kwake. Pita Liwale au Nanyumbu mwezi Septemba au Oktoba, kabla tone halijadondoka, uone mitondoro na miyombo inavyovaa majani mekundu, ya shaba, ya waridi. Miti hiyo inatengeneza sukari mapema, na sehemu ya sukari hiyo inalipiwa deni chini ya ardhi.

Deni la nani? La kuvu. Ncha za mizizi ya miti hii zimevalishwa kuvu kama kidole kilichovaa soksi. Nyuzi zake hufika mbali kuliko mzizi, zinaleta maji, fosforasi na naitrojeni kutoka udongo wa kichanga usio na rutuba. Mti unalipa kwa sukari. Mvua zikikolea, kuvu hiyo inazaa: uyoga wa manjano wa jamii ya Cantharellus, wenye umbo la tarumbeta, mwekundu wa jamii ya Russula, na ule unaotoa maziwa ukiukata.

Ndiyo sababu ukitembea kwenye mikorosho ya Newala au Tandahimba hutaona tarumbeta la manjano hata mvua inyeshe wiki nzima. Mkorosho nao una kuvu mizizini, lakini ni ya kundi jingine, haionekani kwa macho wala haizai uyoga. Wa kichuguu utaupata humo, ikiwa kichuguu hakijasawazishwa, kwa sababu huo humtegemea mchwa na si mti. Wa manjano hapana. Miombo ikishakwenda tanuri la mkaa, uyoga wake umekwenda nayo, kisiki hakiulishi. (Na ile ubwiriunga inayowakosesha usingizi wakulima wa korosho mpaka wapulize salfa, nayo ni kuvu. Ukoo mkubwa hauchagui ndugu.)

Kitu kimoja ambacho walaji husema bila kujua wako karibu na sayansi: uyoga ni nyama. Kuvu si mmea. Kwa ukoo wa viumbe iko karibu zaidi na mnyama kuliko na mchicha, na kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye ganda la kamba wa baharini na la kumbikumbi. Ukiupika kwa karanga za kutwanga au tui la nazi, ukaweka pembeni ya ugali wa muhogo, hakuna atakayeulizia nyama.

Ila kuna unaoua, na hapa sitaki utani. Kwanza tupa vipimo vya mtaani: kitunguu kuwa cheusi, sarafu kubadilika rangi, "konokono ameula na hakufa". Hakuna hata kimoja kinachogundua sumu. Konokono anaweza kula kinachomuua mtu. Uyoga unaowaponza wengi ni Chlorophyllum molybdites, mweupe, mkubwa, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete shinani, hupenda majani ya uwanjani na kando ya mazizi. Huleta matapishi na kuhara ndani ya saa chache. Kwa mbali unafanana na wa kichuguu, ila hauna mkia mrefu wala ile ncha ngumu, na ukilaza kofia yake iliyofunguka juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi la kijani. Wa kichuguu huacha vumbi la waridi hafifu.

Jamii ya Amanita ndiyo ngumu zaidi. Jina la Masasi limo humo: mwaka 1994 wataalamu walipoeleza aina mpya kutoka nchini, mmoja waliuita Amanita masasiensis na mwingine Amanita tanzanica. Katika jamii hii kuna inayoliwa miaka na miaka kwenye nchi za miombo, na kuna Amanita phalloides, muuaji anayejulikana dunia nzima. Wote hutokea kwenye kifuko kama yai, hivyo kifuko peke yake hakikuambii kitu. Sumu ya muuaji haiishi kwa kuchemsha wala kukausha. Mtu anakula jioni, analala vizuri, anaanza kutapika saa 6, 12 au zaidi baadaye, kisha anapata nafuu na kudhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika. Ukihisi hivyo nenda hospitali siku hiyohiyo, na mabaki ya uyoga uyabebe.

Watu huuliza: mbona usilimwe, tukaacha kuviziana vichuguuni? Uyoga unaouzwa umeoteshwa kwenye mifuko ya plastiki hula mabua na pumba peke yake, hauhitaji mtu. Termitomyces anamtaka mchwa: sega lake, joto lake, palizi yake. Maabara imeweza kuotesha nyuzi zake, lakini kuupata uyoga mzima kwa wingi wa kupeleka sokoni bado ni kazi ya mchwa.

Kwa hiyo kichuguu kizuri ni siri. Shangazi alinipeleka, ndiyo, lakini kwa njia ya kuzunguka, tukapita korongo mara mbili, na mwaka uliofuata nilipokwenda peke yangu sikukiona. Nilipomwambia alicheka, akanipakulia.