Zao la 6 na 7 ni viazi

Wiki ya kwanza ya muhula huwa sifundishi kitu kipya darasa la tano. Tunarudia maneno ya hisabati. Safari hii nilianza na swali jepesi: "Zao la 6 na 7 ni nini?" Kimya. Kisha mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwao ni wakulima huku Uyole, Mbeya, akajibu bila wasiwasi: "Viazi, mwalimu."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipoandika 6 × 7 ubaoni, yuleyule alisema 42 kabla sijaweka chaki chini. Kuzidisha anajua. Neno ndilo lililomwangusha, na ukisahihisha madaftari ya watoto wetu utaona wengi wanaanguka hapohapo.

Sikumwambia amekosea. Nilitoka nao hadi kwenye bustani ya shule, tukahesabu matuta 6, kila tuta mashina 7. Zao linatokana na kuzaa. Shamba likizaa tunapata zao, na namba mbili zikizidishana, zinachozaa ni zao. Sijasikia tena viazi.

"Tofauti" nayo ina vituko vyake. Ukiuliza tofauti ya 12 na 5, yupo atakayekwambia 12 ina tarakimu mbili na 5 ina moja. Kwa Kiswahili cha nyumbani amejibu sawasawa! Kwa hiyo namruhusu aseme tofauti zote anazoziona, halafu namuuliza: 12 imeizidi 5 kwa ngapi?

Kinachonila muda ni kigawo na kigawe. Ni irabu moja tu, lakini KDS na KKS zote zimesimama juu yake: Kigawe Kidogo cha Shirika, Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani kile ambacho namba mbili au zaidi zinashirikiana. Watoto hukariri vifupisho kama kasuku, kisha kwenye mtihani huvigeuza. Mimi hurudi kwenye lugha. Kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, basi kigawe ni kinachogawanywa. Kifuniko ni cha kufunikia, ufagio ni wa kufagilia, basi kigawo ni cha kugawia. 12 ni kigawe cha 3. 3 ni kigawo cha 12.

Baada ya hapo tunaorodhesha. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vimekwisha. Vigawe vya 3 ni 3, 6, 9, 12, 15... na mtoto anayeandika hushtuka kuona haviishi. Hapo ndipo nauliza kwa nini kigawe tunatafuta kidogo na si kikubwa. Kuna mwaka nilijibiwa, "Kwa sababu kikubwa hakipo, mwalimu." Nilitamani kengele isigongwe.

Namba tasa nazifundisha kwa ng'ombe asiyezaa, kamwe si kwa mtu. Huwezi kujua mtoto gani amelisikia neno hilo likitupwa kwa shangazi yake. Namba tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Ndiyo maana 1 haimo, yenyewe ina kigawo kimoja. Angalia pia wanaochanganya tasa na witiri: 9 ni witiri, haigawanyiki kwa 2, ila 3 inaigawa. Na 2 ni shufwa, lakini ni tasa.

Mzingo haunisumbui. Kamba ikizungushwa ukingo wa meza, wameelewa, ingawa kila mwaka yupo anayeandika "mzinga" na kunifanya niwaze nyuki.

Siku ya Ijumaa nilidhani neno "jumla" litapita kwa dakika mbili. Binti mmoja, mama yake anauza mchele Mwanjelwa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema jumla ni kubwa kuliko kila namba iliyojumlishwa. Mbona bei ya jumla ni ndogo kuliko ya rejareja?"

Nilisimama na chaki mkononi. Nikamwomba Jumatatu aje na bei zote mbili, ya gunia na ya kilo. Alikuja nazo kwenye kipande cha boksi, tukagawanya bei ya gunia kwa kilo zake, na somo la maneno likageuka la kugawanya hadi saa ya uji.